Mama wa Kwenye Tamthilia na Mama wa Mpui



Sehemu ya likizo iliyopita tuliipitia upande wa Mpui, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, tukiwa mafrateri wawili tuliotumwa kusaidia vigangoni. Ilikuwa Julai, baridi ya Ufipa haina mzaha, mahindi yameshavunwa na maharage yanapigwa uani. Tuliombwa tuandae mada ya nusu saa kwa akina mama wa WAWATA kuhusu familia na vyombo vya habari. Tuliiandika kwa usiku mmoja, na kwa uhakika mkubwa, kama wanavyoandika vijana waliomaliza mwaka wa pili wa falsafa. Kiini chake kilikuwa kwamba tamthilia zinabomoa nyumba: zinawafundisha wake kiburi, zinawapa mabinti ndoto za magari na majumba, zinakula muda wa rozari. Aya za Maandiko tulikuwa nazo za kutosha. Tamthilia yenyewe hatukuwa tumeitazama hata moja hadi mwisho, ila hilo halikutusumbua.

Siku moja kabla ya semina tulilala kwenye nyumba ya mama mmoja mjane mwenye televisheni. (Mambo machache tumeyabadilisha hapa ili asitambulike, yeye wala wa nyumbani kwake.) Saa mbili usiku wakaja jirani wawili, kila mmoja na khanga mbili mabegani. Likaletwa gunia la mahindi, wakaanza kupukuchua huku macho yako kwenye kioo. Mkwe wa nyumba, mke wa kijana mkubwa wa yule mama, alikaa karibu na mlango na ungo wake. Sisi tulipewa viti vya heshima, ambavyo kwa bahati mbaya au nzuri vilitazamana na televisheni.

Jina la tamthilia ile hatutalitaja, kwa kuwa tuliona kipande kimoja tu na si haki kuihukumu kwa kipande. Mke amekuta kwenye simu ya mumewe kwamba kiwanja walichonunua pamoja kimeuzwa. Hapigi kelele. Anakaa mezani, anaanza kutaja miaka: mwaka huu niliuza vitenge, mwaka ule niliweka mchezo wa akina mama, mwaka uliofuata nilikuwa mjamzito na bado nikatoa nusu. Mume anaangalia ukutani.

"Mjinga huyo," jirani mmoja akasema. "Angeondoka zamani."

"Aende wapi? Watoto wanne hao."

"Haendi," mama mwenye nyumba akasema bila kuacha kupukuchua. "Mnaona anahesabu. Mwanamke akianza kuhesabu kimya kimya, mume ajiangalie."

Wakacheka. Kisha ulifuata mjadala ambao hatujausikia kwenye darasa lolote la maadili. Nani ashike fedha ya mahindi yakiuzwa. Kama mke akificha laki moja kwa ajili ya ada ya mtoto, ni wizi au ni busara. Mama mkwe aingilie lini na anyamaze lini. Mume anayelewa msimu wa mauzo na kurudi mpole msimu wa kulima, huyo ni mume wa namna gani. Waliongea kwa hoja, wakapingana, mmoja akabadili msimamo mbele ya wenzake. Akina mama hao hao tulikuwa tumewaona kwenye Jumuiya Ndogondogo siku tatu kabla. Walikaa kwa adabu na kujibu maswali ya Injili kwa sentensi moja moja.

Walipoondoka tulimwuliza mama kwa nini jumuiyani hawazungumzi hivyo. Alitutazama kama mtu anayepima kama inafaa kujibu.

"Mwanangu Frateri, jumuiyani tukisema, tunamsema mume wa mtu, na huyo mume ni kaka wa mwenyekiti. Hapa tunamsema yule wa kwenye TV. Yeye hana ndugu Mpui."

Tangu usiku ule tumekuwa tukijifunza jambo hili, na leo tunataka tulisome pamoja nanyi: kwa nini mwanamke wa tamthilia anafanana na mama zetu na dada zetu kiasi hicho, nani anamtengeneza, na kufanana huko kunatudai nini sisi tunaokaa karibu nao.

Tuanze na wazee wetu wa falsafa, maana wao nao walikuwa na ukumbi wa michezo na waligombana juu yake. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, aliogopa. Aliona kwamba mshairi anamwagilia maji ile sehemu ya nafsi inayopaswa kukaushwa: kilio, hasira, tamaa. Alikiri hata hivyo kwamba watu bora kabisa nao hufurahia kumsikiliza shujaa akilia. Mada yetu ya WAWATA ilikuwa ya Plato mtupu, ingawa hatukumtaja.

Mwanafunzi wake Aristotle aliangalia jambo lile lile kwa utulivu zaidi. Katika sura ya 13 ya Poetika anasema kwamba mchezo mzuri unatuamsha huruma na hofu, na anaeleza kila moja inakotoka. Huruma tunamwonea mtu anayeteseka isivyostahili. Hofu inatushika tunapomwona anayeteseka ni mtu anayefanana nasi. Kwa hiyo, anasema, mhusika anayefaa ni mtu wa katikati: hajapita wengine kwa utakatifu wala si mwovu wa kupindukia, na anaanguka kwa sababu ya kosa fulani. Malaika akianguka tunachukizwa. Shetani akianguka tunasema afadhali. Mtu wa katikati akianguka ndipo tunaposhika shavu.

Mke yule wa kiwanja ni mtu wa katikati. Alimpenda mume, alimwamini kupita kiasi, alisaini karatasi bila kuisoma. Ungemwandika kama mtakatifu, jirani zetu wasingebishana. Ungemwandika kama mchawi, wangemlaani na kwenda kulala. Walibishana kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kusaini karatasi yake mwenyewe bila kuisoma.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Mwanamke wa namna hii hakujitokeza kwa bahati. Kuna historia ndefu ya watu walioketi mezani wakamchora. Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kurusha tamthilia iitwayo Simplemente María. María ni binti wa kijijini anayekwenda Lima kuwa mtumishi wa ndani. Kijana tajiri anamzalisha na kumwacha. Anajifunza kusoma, anashona usiku kwa cherehani, na mwisho anakuwa mbunifu wa mavazi. Watumishi wa ndani wa Peru wakaanza kudai nafasi ya kwenda masomo ya jioni, na cherehani za Singer zikauzwa kuliko kawaida. María alipofunga ndoa na mwalimu wake kwenye tamthilia, umati wa maelfu ya watu ulifika kanisani Lima na zawadi mikononi, kushuhudia harusi ambayo haikuwa harusi. Tunasimulia hilo kwa tabasamu, ila tusiwacheke: hata Mpui mama mmoja alituambia kwamba mhusika fulani alipougua, alimtolea nia.

Mwongozaji wa Meksiko, Miguel Sabido, aliiangalia hadithi ile akajiuliza: kama María aliwafundisha watu kushona bila mtunzi kukusudia, itakuwaje mtunzi akikusudia? Akasoma kazi za mwanasaikolojia Albert Bandura kuhusu jinsi watu wanavyojifunza kwa kuwatazama wenzao, na mwaka 1975 akatoa tamthilia ya kuwahamasisha watu wazima wajiunge na kisomo. Mbinu yake ina wahusika wa aina tatu: mwema, mwovu, na yule anayesitasita kati yao, anayekosea, anayejifunza polepole. Huyo wa tatu ndiye mtazamaji mwenyewe. Aristotle angetabasamu.

Mbinu hiyo ilifika kwetu. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Wazazi wetu wanaukumbuka. Mkwaju ni dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo. Tunu ni mkewe: mwanzoni anavumilia, anajilaumu, anasubiri, hatimaye anaanza biashara ndogo na kujitegemea. Mkwaju anaishia kuugua UKIMWI. Mchezo ulipendwa hadi jina la Mkwaju likawa tusi la kumwonya mwanamume mhuni. Watafiti, akiwamo Everett Rogers, waliupima kwa namna isiyo ya kawaida: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili waweze kulinganisha walioisikia hadithi na wasioisikia. Waligundua kwamba waliosikia walibadilika, wakazungumza zaidi na wenzi wao, na mienendo ya kujikinga ikaongezeka.

Lazima tuseme wazi hapa: mchezo ule ulikusudiwa pia kueneza njia za kisasa za uzazi wa mpango, ambazo Kanisa, tangu Humanae Vitae ya mwaka 1968, halizikubali. Hatuko pamoja nao hapo. Lakini Tunu akikaa meza moja na mumewe na kumwuliza fedha zimekwenda wapi, hatuoni ni fundisho gani la Kanisa linalovunjwa. Msomaji mkristo anatakiwa aweze kushika yote mawili: kujua kwamba aliyemchora Tunu alikuwa na lengo lake, na kukubali kwamba alichora sura ya mtu halisi.

Televisheni iliendelea pale redio ilipoishia. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Wenye umri wanakumbuka Isidingo ya Afrika Kusini, na jinsi Cherel alivyochukiwa kuliko mdeni. Kisha kundi la Kaole likatupa tamthilia kama Jahazi, Dira na Tufani, na humo ndimo alimochomoza marehemu Steven Kanumba. Desemba 2012 ikaja Siri ya Mtungi, ya Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, na mkewe Cheusi, na Mzee Kizito na wake zake. Hiyo nayo ilikuwa na wafadhili waliolenga elimu ya afya, lakini jina lake lilichaguliwa na mtu anayejua Kiswahili: siri ya mtungi aijuaye ni kata, kwa kuwa kata ndiyo inayoingia ndani. Leo chaneli ya Maisha Magic Bongo imetuletea Huba, na Jua Kali ya Leah Mwendamseke, ambaye wengi wanamwita Lamata. Kwamba mwanamke sasa ndiye anayeshika usukani wa hadithi si jambo dogo. Na ng'ambo ya mpaka wetu, jirani zetu wa Zambia tangu 2018 wana Mpali, ya mkulima tajiri Nguzu na wake zake wengi; baadhi ya Wafipa wenye ndugu upande ule wanaijua vizuri kuliko za kwetu.

Tumetaja Mpali kwa sababu. Tulipomwuliza yule mama ni kitu gani hakipo kwenye tamthilia za Dar es Salaam, hakufikiri hata kidogo: "Jembe." Kweli. Mwanamke wa tamthilia anafanana na mama wa Mpui kwa mambo mengi: simu yenye siri, mawifi, mchezo wa fedha, mtoto anayefukuzwa ada, mume asiyesema. Hafanani naye asubuhi. Asubuhi mama wa Mpui yuko shambani. Yule wa kwenye kioo anashuka ngazi za nyumba ya ghorofa na vipodozi vyake, na hatujui nani kapika chai. Pengine tamthilia inafikiri kwamba shida za ndoa zinaanza kazi inapokwisha. Ufipa shida nyingi za ndoa zinaanzia kazini kwenyewe, kwa swali la nani amelima na nani ameuza.

Kuna kasoro nyingine, na hii tunaiona nzito zaidi. Tamthilia nyingi zinampiganisha mwanamke na mwanamke. Mke na mchepuko. Mke na mama mkwe. Mke na shoga yake aliyemsaliti. Wanavutana nywele, wanarogana, wanatiliana sumu, na mwanamume aliyeleta ugomvi wote amekaa pembeni kama zawadi inayogombewa. Akina mama wa jioni ile walikuwa wakali kwa hili. "Mbona huyo baba hapigwi na mtu?" mmoja aliuliza, na wote wakaangua kicheko, ila halikuwa swali la kichekesho.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliliona jambo hilo hilo kwenye Injili. Katika barua yake Mulieris Dignitatem ya Agosti 15, 1988, namba 14, anatafakari yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu kwa kuzini. Anaonyesha kwamba mwanamke anaachwa peke yake mbele ya macho ya watu na dhambi iitwayo yake, na nyuma ya dhambi hiyo amejificha mwanamume anayehusika nayo, ambaye hakuna anayemwita. Tusishangae kwamba Papa huyu alisoma Injili kwa jicho la mtu wa jukwaani. Ujanani, wakati Wanazi wameikalia Poland, Karol Wojtyła aliigiza katika kikundi cha siri cha maigizo kule Kraków, na mwaka 1960 alichapisha kwa jina la kupanga mchezo wa kuigiza kuhusu ndoa, wenye duka la sonara ndani yake. Mtu huyu hakuwa na hofu ya tamthilia. Alijua tu kuuliza nani hayupo jukwaani.

Nasi tunaweza kuwafundisha waumini wetu, na kujifundisha wenyewe, kutazama kwa swali hilo. Inter Mirifica, hati ya Mtaguso ya Desemba 4, 1963, katika namba 7 inakubali kwamba kuuonyesha uovu kunaweza kusaidia kumjua binadamu kwa undani zaidi, mradi kufanyike kwa kiasi na kwa heshima ya maadili. Kipimo kinachofuata ni rahisi: uovu huu unaoonyeshwa, unanifanya nimjue mtu, au unanifanya nimwangalie tu?

Maandiko yenyewe yamejaa familia ambazo zingetosha misimu kumi. Sara na Hajiri, Lea na Raheli, Hana na Penina. Na kuna mama mkwe mmoja, Naomi, ambaye sijui mtunzi gani wa kwetu angethubutu kumwandika, kwa kuwa yeye na Ruthu mkwewe wanapendana, na hilo haliuzi matangazo. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Nathani, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi amemchukua Bathsheba na kumwua mumewe. Nabii hakuanza na sheria. Alimsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Angeanza na mwisho, asingetoka ikulu salama. Yule tajiri wa hadithi naye hakuwa na ndugu Yerusalemu.

Kwa hiyo mama yetu wa Mpui alikuwa amesema jambo zito. Tamthilia inawapa watu mahali pa kusema ukweli bila kumtaja jirani. Wafipa hili si geni kwao. Katika masimulizi ya Milansi, ambayo mtafiti Roy Willis aliyakusanya akiishi Ufipa, ufalme wenyewe unabadilika mikono siku ambayo mtawala yuko porini akiwinda, wanawake wageni wanafika, na mkewe aliyebaki nyumbani anapaswa kuamua kama awape kigoda cha mumewe wakalie. Anawapa. Wazee wameibishania hadithi hiyo kwa vizazi, na tunadhani hawakuwa wakibishania ufalme peke yake.

Bado kuna Augustino, Mwafrika mwenzetu, naye hatuachi tulale. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo anakumbuka ujana wake Karthago, alivyopenda michezo ya kuhuzunisha na kulia machozi ya raha. Anauliza: hii ni huruma gani? Mtazamaji haitwi kwenda kumsaidia anayeteseka. Anaalikwa kuhuzunika tu, na akihuzunika sana ndivyo anavyomsifu mwigizaji. Anamlilia mtu ambaye hayupo, kisha anakwenda zake.

Tulipolisoma hilo darasani tuliliandika kwenye daftari na kulijibu kwenye mtihani. Kule Mpui lilitujia kwa sura nyingine. Wakati mjadala umepamba moto, mke yule wa tamthilia akitaja miaka yake, mkwe wa nyumba alisimama na ungo, akatoka nje. Hakurudi. Hakuna aliyemfuata. Tulidhani amekwenda kufunga kuku. Asubuhi tulimkuta ameshachota maji yetu ya kuoga, macho yamevimba. Tulisema, "Asante, dada," kama tulivyosema asubuhi mbili zilizotangulia, na kumbe hilo ndilo neno pekee tulilokuwa tumemwambia kwa siku tatu. Mumewe alikuwa mjini tangu mahindi yauzwe. Hilo tuliliambiwa baadaye, na watu wengine. Sisi tulikuwa chini ya dari moja naye, tukimwonea huruma mwanamke wa kwenye kioo.

Mama mkwe alikuwa anajua, bila shaka. Tunadhani aliposema "haendi, anahesabu" hakuwa anaangalia televisheni.

Semina ilifanyika siku hiyo hiyo saa nne. Mada yetu ya kurasa sita ilibaki mfukoni. Tuliwauliza akina mama wamwelezee yule mke wa kiwanja: amekosea wapi, na Kanisa limwambie nini. Nusu saa ikawa saa mbili. Tulichochangia sisi kilikuwa kidogo. Tulieleza kwamba maneno ya Mwanzo 3:16 kuhusu mume kumtawala mke, kwa ufafanuzi wa Yohane Paulo II, yanaeleza jeraha la dhambi, hayatoi amri ya Mungu. Na kwamba utii wa Waefeso 5 anausoma kama utii wa pande mbili, kila mmoja kwa mwenzake. Tulieleza kwamba Papa Fransisko katika Amoris Laetitia, namba 54, analaani waziwazi ukatili dhidi ya wanawake ndani ya ndoa. Tukaongeza habari za sheria ya nchi, kwa sababu walituuliza: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya wanandoa. Ukumbi ulinyamaza. Wengi wa waliokuwapo mwaka 1983 walikuwa wameshaolewa, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Baada ya semina tulikuwa tunafunga mabegi. Mkwe alikuja mlangoni na ndoo tupu. Alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la ukumbi muda wote, sisi hatukumwona.

"Frateri, samahani. Ile hukumu mliyosema, ya kazi za nyumbani. Na kulima imo?"

Tulimwambia imo. Kifungu cha 114 kinataja mchango wa fedha, mali au kazi, na kulima ni kazi. Tukamweleza pia kwamba kifungu hicho kinatumika pale ndoa inapovunjwa au wanandoa wanapotengana kwa amri ya mahakama, na kwamba Kanisa linashika kuwa ndoa halali haivunjwi, ila lina kanuni, namba 1153, kwa mke au mume ambaye kuishi na mwenzake kumekuwa hatari kubwa kwake au kwa watoto. Tulimwuliza kama yuko kwenye hatari hiyo.

"Hapana," akasema. "Hanipigi."

Alifikiri kidogo. Kisha akaomba kalamu, na kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto akaandika 114, akaichukua ndoo yake akashuka kisimani.

Tulimfuata mama mwenye nyumba jikoni, tukamwomba, kama watoto wanavyomwomba mzazi, aongee na mwanawe akirudi. Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Mnafikiri kwa nini nawaita jirani kila jioni waje kuangalia TV," alisema, "na yeye namkalisha pale mlangoni?"